Meno yangu yana rangi ya maji ya Meru: je, taya litakubali jino la kupandikiza?

SWALI: "Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Usa River, nina miaka 43. Mwaka jana nilianguka na bodaboda nikapoteza jino moja la mbele, juu. Natumia jino la kuvua, lakini linacheza nikiongea, na siku moja lilinidondoka nikisomea darasa la nne imla. Chini kushoto nina pengo jingine la gego nililong'oa miaka sita iliyopita. Nimezaliwa na kukulia huku, kwa hiyo meno yangu ni ya kahawia. Watu wananiambia sisi wa maji ya Meru hatuwezi kuwekewa impulanti kwa sababu mifupa yetu imeharibika. Kliniki moja mjini Arusha wao wanasema wanamaliza kila kitu kwa siku moja. Nina sukari, natumia vidonge. Nifanye, au niweke daraja tu?"

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Pole kwa ajali, na pole sana kwa siku ile ya imla.

Nikujibu kwanza kwa ufupi, usije ukasoma yote roho ikiwa juu. Inawezekana. Rangi ya meno yako haizuii impulanti, yaani jino la kupandikiza. Sukari nayo haizuii ikiwa imetulia. Kinachonitia wasiwasi katika barua yako ni hiyo siku moja.

Nianze na maji, maana hofu hiyo imewafanya watu wengi wa Arumeru wasifike kliniki kabisa. Rangi ya kahawia iliingia kwenye meno yako ukiwa mtoto mdogo, wakati yanajengwa ndani ya taya, kabla hayajaota. Maji yanayopita kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru hubeba floridi nyingi, na floridi hiyo ikavuruga utengenezaji wa ganda la nje la jino. Mtoto akifika miaka minane hivi, ganda la meno ya mbele limeshakamilika. Maji uliyokunywa baada ya hapo hayakuongeza doa hata moja kwenye tabasamu lako.

Impulanti haikai kwenye ganda, inakaa kwenye mfupa. Na hapo watu hawajakosea kabisa, kwa sababu mfupa kweli unapenda floridi. Pale Ngurdoto, jirani yako, kuna kituo cha utafiti wa kuondoa floridi kwenye maji, na chujio linalotumika ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe: maji yakipita, mifupa iliyochomwa inainasa floridi. Mtu aliyekunywa maji makali sana kwa miaka mingi anaweza kukakamaa mgongo, akaumwa viungo, akapinda miguu. Kama una dalili hizo, mwambie daktari kabla ya jambo lolote. Lakini meno ya kahawia peke yake siyo ushahidi kwamba taya limeharibika. Nimewahudumia watu wa Ngarenanyuki wenye meno meusi kuliko unavyoyaeleza ya kwako, na mfupa umeshika vizuri.

Neno lenyewe linachanganya. Wengine hospitalini wanasema kipandikizi, na akina mama wanashtuka, kwa sababu kipandikizi wanachokijua ni kile cha uzazi wa mpango kinachowekwa mkononi, ambacho mtaani tunakiita kijiti. Ndiyo maana mimi nasema impulanti, au nasema tu mzizi wa chuma. Ni skrubu ndogo ya titani, unene kama milimita 4 na urefu wa milimita 10 hivi, inayozamishwa kwenye mfupa pale mzizi ulipokuwa. Juu yake kinafungwa kiungio, na juu ya kiungio inakaa kofia, yaani jino lenyewe linaloonekana. Siyo kitu kipya wala cha kujaribia watu. Katika miaka ya 1950 mtafiti wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark, alikuwa akichunguza damu inavyopita kwenye mfupa wa sungura kwa kifaa cha titani. Alipotaka kukitoa, kikagoma. Mfupa ulikuwa umekishika. Mwaka 1965 akamwekea mgonjwa wake wa kwanza, Gösta Larsson, na Larsson akafariki mwaka 2006 akiwa bado anatafuna nazo.

Sasa hiyo siku moja. Siku skrubu inapowekwa, inakaza kwa sababu imebanwa, kama skrubu yoyote kwenye ubao. Ubao nao unatofautiana, seremala wa Kilombero atakuambia: skrubu kwenye mninga na skrubu kwenye shina la mpapai si kitu kimoja, na taya la chini kwa mbele ni mninga, la juu kwa nyuma linaelekea kwenye mpapai. Kinachoifanya impulanti idumu ni kazi inayokuja baadaye, pale seli za mfupa zinapokua hadi kugusana na titani na kujenga mfupa mpya juu yake. Taya la chini kwa kawaida linahitaji miezi mitatu, la juu minne hadi sita. Na kuna jambo ambalo wagonjwa hawaambiwi mara nyingi: skrubu huwa dhaifu zaidi kwenye wiki ya tatu au ya nne kuliko siku ya kwanza. Mfupa ulioguswa na keekee unaondolewa, mpya haujakomaa. Wakati huo wewe huumwi, umeshasahau, na mahindi ya kuchoma yananukia barabarani.

Nilimpokea dereva mmoja wa daladala, skrubu yake ameifunga kwenye risiti ya mafuta. Alikuwa amewekewa mzizi na jino la kutafunia siku hiyohiyo, mahali ambapo sitapataja. Wiki ya tano akala nyama ya mbuzi na jirani zake, akasikia kitu kinalegea, bila maumivu yoyote. Tulipopiga picha, palipokuwa na skrubu palikuwa na shimo lililozungukwa na nyama laini badala ya mfupa. Tulisubiri, tukajaza mfupa, tukaanza upya. Alipoteza karibu mwaka mzima na fedha mara mbili.

Nisiwaonee wenzangu. Ipo hali ya kweli ambapo jino la muda huwekwa siku ileile, hasa la mbele, mfupa ukiwa mgumu na skrubu ikikaza vya kutosha. Jino hilo huachwa fupi kidogo lisigusane na meno ya chini. Ni la kuonekana, siyo la kutafunia, na baada ya miezi huondolewa likawekwa la kudumu. Kama kliniki ile walimaanisha hivyo, waulize wakueleze hivyo kwa maandishi. Kama walimaanisha kumaliza, ondoka.

Pengo lako la mbele lina zaidi ya miezi kadhaa, na pengo halikusubiri. Jino likitoka, ukingo wa mfupa uliokuwa umelishikilia hukosa kazi na kuanza kuliwa. Ndani ya mwaka mmoja upana wake unaweza kupungua kwa karibu nusu, na sehemu kubwa ya hasara hiyo ni ya miezi mitatu ya kwanza. Fanya hivi sasa hivi: vua lile jino, weka kidole kwenye ufizi wa juu, upande unaogusa mdomo. Ukisikia kijibonde pale jino lilipokuwa, ukilinganisha na jirani zake, huo ndio mfupa uliokwenda. Ikiwa ni kidogo, skrubu nyembamba inatosha. Ikiwa ni kikubwa, patahitajika kuongezewa mfupa kwanza. Unga wa mfupa unaotumika mara nyingi unatokana na ng'ombe, mwingine na nguruwe, kwa hiyo kama imani yako inahusika, uliza kabla ya siku ya kazi. Daktari mwungwana hatakasirika.

Kijibonde ni cha kidole tu. Uamuzi unatoka kwenye eksirei ya pande tatu, na bila hiyo nisingekubali mtu anitoboe taya. Picha bapa inaonyesha urefu wa mfupa lakini haionyeshi unene. Kwa gego la chini kuna sababu nyingine: ndani ya taya unapita mshipa wa fahamu unaokwenda kwenye mdomo wa chini na kidevu, na tunataka ncha ya skrubu ibaki angalau milimita 2 juu yake. Ukiguswa, mtu anaweza kubaki na ganzi ya mdomo kwa miezi, wengine moja kwa moja.

Kuhusu maumivu hukuuliza, lakini najua umefikiria. Ganzi ni ileile ya kung'olea jino. Utasikia mtetemo, na maji mengi mdomoni, kwa sababu mfupa ukifika nyuzi joto 47 kwa dakika moja tu seli zake zinaanza kufa. Ndiyo maana tunatoboa polepole, tunaanza na keekee ya milimita 2, tunapanua hatua kwa hatua, na maji ya chumvi ya baridi yanamiminika muda wote. Wengi huniambia kung'oa kuliuma zaidi. Uvimbe wa siku mbili tatu upo. Siku hizo ni za mtori wa uvuguvugu, loshoro na uji, upande wa pili.

Nije kwenye daraja. Daraja ni jino la kuning'inia lililoshikiliwa na majirani, na majirani hao lazima wasagwe kuzunguka pande zote ili wavishwe kofia. Kama wangekuwa wameoza au wana vijazio vikubwa, ningekuambia weka daraja bila kufikiri sana. Lakini kusaga meno mawili mazima ya mwanamke wa miaka 43 ili kuziba pengo moja, hilo moyo wangu unalikataa. Kuna daraja jingine la kubandika kwa nyuma bila kusaga, ni rahisi na ni zuri kwa jino la mbele. Shida ni kwamba gundi yake hushika kwenye ganda la jino baada ya kulisugua kwa asidi, na ganda lililoathiriwa na floridi halishikani na gundi kama ganda la kawaida. Kwa mtu wa Meru huwa linabanduka mapema. Yaani, Mwalimu, maji yale yanayotajwa kuwa kikwazo cha impulanti ni kikwazo zaidi kwa mbadala wake.

Gego la chini ni habari nyingine, na huenda usipende jibu langu. Miaka sita ni mingi. Pitisha ulimi nyuma ya pengo: mara nyingi gego la nyuma huwa limelala kuelekea mbele, na la juu limeshuka kutafuta mwenzake. Nafasi ikishabanwa hivyo, skrubu inaweza kuingia lakini kofia ikakosa pa kukaa. Kama unatafuna vizuri upande huo na meno yamebaki wima, fanya hesabu yako bila haraka. Kama fedha ni za jino moja tu kwa sasa, ziende mbele, na lile la nyuma liangaliwe baadaye. Kuna wanaosema lazima mapengo yote yazibwe. Mimi si mmoja wao.

Kuhusu sukari, usiende kliniki ya meno na kipimo cha asubuhi peke yake. Omba kwa daktari wako wa kisukari kile cha wastani wa miezi mitatu, kinachoitwa HbA1c. Ikiwa karibu na 7, tunaendelea kwa raha. Ikipita 8, mimi nasubiri, kwa sababu sukari ikiwa juu kidonda hupona taratibu, usaha huingia kirahisi, na mfupa unachelewa kuishika titani. Tafadhali pia mwambie daktari wa meno kama umewahi kuchomwa sindano za kuimarisha mifupa au mionzi sehemu za uso na shingo. Hizo zinaweza kubadili mpango wote. Sigara na ugoro vinapunguza nafasi ya kufaulu. Na fizi zako zikitoka damu ukipiga mswaki, zitibiwe kwanza, ugaga uondolewe, ndipo tuongee skrubu.

Sasa rangi, Mwalimu. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo mimi mwenyewe nilipokosea.

Miaka mingi iliyopita nilimwekea mama mmoja wa huko juu jino la mbele. Skrubu ilishika vizuri, ufizi ulikaa vizuri. Maabara ikaleta kofia nzuri, nyeupe kama maziwa, nami nikaifunga nikiwa nimefurahia kazi yangu. Akajiangalia kwenye kioo, akanyamaza, akashukuru kwa adabu. Aliporudi kwa uchunguzi baada ya miezi sita alikuwa anaongea na pembe ya khanga mdomoni. Kabla ya kazi yangu hakuwa anajificha hivyo. Pengo lilikuwa jambo la ajali, kila mtu kijijini alilijua. Jino jeupe moja katikati ya meno ya kahawia lilimfanya kila anayeongea naye aangalie hapohapo. Tulilifungua, tukatengeneza jingine, na sijasahau.

Kipimo cha rangi tunachotumia kina vipande 16 vya meno, kuanzia weupe wa maziwa hadi njano na kijivu. Rangi ya Meru haimo. Hakuna kipande chenye mistari ile ya kahawia inayopita mlalo, wala mabaka ya chaki kwenye ncha. Kwa hiyo fundi wa maabara lazima aichore kwa mkono juu ya kauri, mstari kwa mstari, kabla ya kuichoma kwenye tanuri. Anahitaji picha kubwa za meno yako, za mbele na za upande, na ikiwezekana akuone mwenyewe. Kama maabara iko Dar es Salaam au Nairobi na yeye anapokea namba ya rangi tu kwenye karatasi, atakutengenezea jino zuri la mtu mwingine. Uliza swali hili kabla ya kulipa: fundi atayaonaje meno yangu?

Na amua mapema kama unataka kubaki na rangi yako. Kuna kusugua ganda la juu kwa dawa na unga laini, kuna kung'arisha, na vyote viwili hupunguza kahawia kwa viwango tofauti. Mimi sikushawishi, ni meno ya kwenu, hayaumwi. Lakini ukitaka kuyafanya meupe, fanya kabla ya kofia ya kudumu, kisha subiri wiki mbili rangi itulie. Kofia ya kauri haing'arishwi ikishakaa. Ukibadili majirani zake baadaye, itabaki peke yake na rangi ya zamani.

Fedha. Waulize bei ya yote kwa pamoja, iandikwe: eksirei ya pande tatu, skrubu, kuongeza mfupa kama kupo, jino la muda, kiungio, kofia, na marudio ya uchunguzi. Matangazo mengi hutaja bei ya skrubu peke yake, na mtu hukwama katikati ana chuma kwenye taya na hana jino. Uliza pia nani hasa atafanya kazi, na hakikisha amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Siku ya kuwekewa, dai kadi yenye jina la aina ya impulanti, ukubwa wake na namba zake. Kila kiwanda kina bisibisi yake na vipuri vyake. Nimewahi kupata mgonjwa aliyewekewa nje ya nchi, kofia imelegea tu, kazi ya dakika kumi, lakini bila kujua ni ya kiwanda gani ilituchukua wiki mbili kutafuta bisibisi inayoingia.

Wakati unasubiri mfupa ushike, lile jino lako la kuvua lichongwe upande wa ndani lisikandamize skrubu. Hili husahaulika, na linaua impulanti kimyakimya kama mahindi yale. Likishachongwa, lirekebishwe pia uzungumze bila lenyewe kucheza, maana bado una miezi ya kusimama mbele ya darasa.

Jino likishakaa, haliozi, lakini ufizi na mfupa unaolizunguka unaweza kuoza kwa uchafu, na kwa kuwa halina mshipa wa fahamu halitakuambia. Mswaki mara mbili, uzi au vibrashi vidogo kuzunguka shingo ya kofia kila jioni, na kliniki kila baada ya miezi sita kwa sababu ya sukari. Usifungue soda nalo. Impulanti haina ule utando laini unaozunguka mzizi wa kuzaliwa na kukujulisha kwamba umeuma kwa nguvu mno, kwa hiyo kauri hupasuka kabla hujahisi.

Kwa mpangilio, basi: HbA1c wiki hii, kusafisha fizi, kisha eksirei ya pande tatu, na uirudishe kwa daktari mwenye muda wa kukaa nawe mbele ya picha hiyo. Siku ya kuchagua rangi nenda saa nne asubuhi, kaa karibu na dirisha, usipake rangi ya mdomo na usivae khanga nyekundu au njano, kwa sababu rangi hizo hulidanganya jicho. Mwambie achague kabla hajakuweka pamba mdomoni. Meno yakikauka hupauka, na fundi atachora jino la mtu aliyefungua mdomo nusu saa, wakati yako hulowa kila unapofundisha.